Nundu za Mfupa Katika Taya: Lini Ziachwe, Lini Ziondolewe

Ulimi ndio mkaguzi wa kwanza wa kinywa. Mara nyingi ndio unaogundua kitu kigumu kwenye kaakaa, au upande wa ndani wa taya la chini, mahali ambapo mwenyewe anaamini hapakuwa na kitu. Hofu huanza hapo. Wapo wanaojihukumu papo hapo kwamba ni saratani, wakanyamaza kwa woga wa kuambiwa. Wapo wanaokwenda kukandwa kwa mafuta ya moto, na wapo wanaofika hospitali wakitaka wakatwe siku hiyo hiyo. Kwa walio wengi, hakuna hata moja kati ya hayo linalohitajika. Kinachohitajika ni kuangaliwa na mtaalamu mara moja, mapema, ili ijulikane kitu hicho ni nini. Makala haya yanawaeleza wakaazi wa Chukwani na shehia jirani za Wilaya ya Magharibi B nundu hizi zinatokana na nini, zipi zinafanana nazo lakini ni hatari, na upasuaji wake unavyofanyika pale unapolazimu.

Nundu hizi ni mfupa mtupu. Ni mfupa wa taya lenyewe uliozidi kukua mahali pamoja, ukafunikwa na ngozi nyembamba ya kinywa. Zikiota katikati ya kaakaa, au upande wa ndani wa taya la chini karibu na meno yanayofuata chonge, madaktari wa meno huziita torasi, neno lenye asili ya Kilatini. Zikiota upande wa nje wa ufizi, unaogusana na shavu, huitwa eksostosisi. Majina ni mawili, jambo ni moja. Huanza kuonekana katika umri wa ujana au utu uzima wa mwanzo, hukua polepole kwa miaka mingi, na kwa wengi husimama zenyewe. Ile ya kaakaa huonekana zaidi kwa wanawake. Za taya la chini kwa kawaida huota pande zote mbili, kushoto na kulia, na zikiwa kubwa sana huweza kukaribia kugusana chini ya ulimi.

Wala si jambo la nadra. Nchini Marekani, vitabu vya tiba ya kinywa hukadiria kuwa watu kati ya 20 na 35 katika kila 100 wana torasi ya kaakaa, na wengi wao hawajui mpaka daktari wa meno awaambie. Kiwango hutofautiana baina ya jamii na jamii, jambo linalowafanya wataalamu waamini kuwa asili ya ukoo ina sehemu kubwa: mama akiwa nayo, si ajabu mtoto akawa nayo. Sababu nyengine inayotajwa ni nguvu inayolemea taya, hasa kwa wanaosaga meno usingizini. Mfupa unaoelemewa hujiongeza. Hakuna chakula kinachojulikana kwa yakini kuwa ndicho chanzo, na hakuna dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kusukutua inayoweza kuuyeyusha mfupa huo. Kukanda kwa mafuta ya moto huishia kuichubua ngozi iliyo juu yake, ngozi ambayo tayari ni nyembamba na hupona kwa taabu.

Torasi haigeuki saratani. Jambo hili linastahili kusemwa wazi kwa sababu ndilo linalowakosesha watu usingizi. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa na nundu yake bila ya kumdhuru hata siku moja, na daktari anayemwambia mgonjwa "iache ilivyo" anatoa tiba sahihi kabisa.

Zinazofanana nazo

Mtu anawezaje kuitambua? Torasi ni ngumu kama jino likiguswa kwa kidole. Haiumi. Ngozi iliyo juu yake ina rangi ya kawaida, pengine imepauka kidogo. Haitikisi meno, haileti ganzi ya mdomo, wala haiubadilishi uso ukitazamwa kwa nje. Mabadiliko yake hupimwa kwa miaka. Daktari mzoefu huitambua kwa kuiona na kuishika tu, na picha ya eksirei huongezwa pale panapokuwa na shaka.

Tatizo ni kwamba taya la watu wa Afrika Mashariki lina historia ya uvimbe wa aina nyengine, na historia hiyo haimruhusu mtu kujipima mwenyewe kwa kioo cha chumbani akamaliza. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alioneshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya la juu na la chini, pande zote. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwengine wa namna hiyo hiyo katika hospitali nyengine. Akaanza kufuatilia, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo duniani kote unaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Huo ni saratani ya watoto, hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, na uvimbe wake huweza kuonekana umeongezeka ndani ya siku chache tu. Habari njema ni kuwa husikia dawa za saratani vizuri ukiwahiwa. Upasuaji si tiba yake. Kwa hiyo mtoto anayevimba taya, meno yakaanza kulegea kabla ya wakati wake, hapaswi kusubiri wiki ijayo wala kupewa dawa ya jino na kurejeshwa nyumbani bila ya kuchunguzwa zaidi.

Uvimbe mwengine unaostahili kujulikana ni ameloblastoma. Huu hutokana na chembechembe zinazohusika na uundaji wa meno, na uchunguzi uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliuonesha kuwa ndio unaoongoza miongoni mwa vivimbe vya asili ya meno. Kwenye vitabu umeandikwa kuwa si saratani, na neno hilo limewapotosha wengi. Hauenei mwilini kwa kawaida, lakini hula mfupa wa taya kutoka ndani, huutanua uso upande mmoja, hulegeza meno, na ukikwanguliwa tu bila ya kuondolewa pamoja na mpaka wake hurudi. Kwa kuwa hauumi mwanzoni, wagonjwa wengi wa Tanzania wamekuwa wakifika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, na hapo tiba huwa ni kukata sehemu nzima ya taya na kuunga kwa chuma au kwa mfupa wa sehemu nyengine ya mwili. Ungeonekana mapema, kazi ingekuwa ndogo. Eksirei huutofautisha upesi: torasi huonekana nyeupe iliyoshiba, ilhali ameloblastoma mara nyingi huonekana kama mapovu meusi ndani ya mfupa.

Vipo pia vivimbe vya mfupa vya vijana ambavyo huutanua mfupa wa upande mmoja wa uso taratibu; hivyo huhitaji picha na wakati mwengine kipande kipelekwe maabara. Na ipo saratani ya ngozi ya kinywa, ambayo hujitokeza kama kidonda kisichopona, doa jeupe au jekundu, au sehemu iliyokakamaa. Hapa watafunaji wa tambuu wanahusika moja kwa moja. Popoo imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila ya tumbaku. Kidonda cha kinywani kinachopindukia wiki mbili bila ya kupona kitazamwe, hata kama kipo juu ya nundu inayojulikana tangu zamani.

Mwisho katika orodha hii ni jambo la nadra lakini la maana. Mtu mwenye nundu nyingi za mfupa zilizotawanyika katika taya na fuvu, zinazoitwa osteoma, pengine pamoja na meno ya ziada yaliyokataa kutoka, anaweza kuwa na hali ya kurithi iliyoelezwa na mtaalamu wa urithi wa Marekani, Eldon Gardner, miaka ya mwanzo ya 1950. Wenye hali hiyo huota vinyama vingi ndani ya utumbo mpana, na vinyama hivyo visiposhughulikiwa hugeuka saratani. Daktari wa meno anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuiona dalili. Taya, kwa watu hawa wachache, linatoa habari za tumbo.

Wakati upasuaji unapostahili

Sababu inayowaleta wengi kwenye upasuaji ni meno ya bandia. Mzee aliyepoteza meno ya juu hutengenezewa meno yanayokaa kwenye bamba linalolala juu ya kaakaa. Kukiwa na nundu katikati, bamba hucheza kama sahani iliyowekwa juu ya jiwe: huyumba, huchubua na hatimaye huvunjika katikati. Kwa taya la chini ni hivyo hivyo, kwani ukingo wa meno ya bandia unahitaji nafasi ambayo nundu imeshaichukua. Mara nyengine fundi anayetengeneza meno anaweza kulikata bamba liizunguke nundu, na upasuaji ukaepukwa. Swali hilo liulizwe kabla ya kukubali kupasuliwa, kwa sababu kwa mzee mwenye maradhi mengine njia hiyo huwa bora.

Sababu ya pili ni vidonda vinavyojirudia. Ngozi ya juu ya nundu ni nyembamba, haina nyama chini yake. Mwiba wa samaki, muhogo mkavu wa kukaanga, ukingo wa mkate uliokauka au mswaki uliokwenda kwa nguvu huichana, na kabla haijapona vizuri huchanika tena. Baadhi ya nundu hukua mpaka zikauzuia ulimi, mtu akapata tabu kutamka sawasawa au kumeza. Nyengine hukamata chakula na kuzuia usafi wa meno ya jirani, ufizi ukaoza. Hofu peke yake haitoshi kuwa sababu. Mtu anayeogopa anahitaji kuelezwa, na ikibidi kupigwa picha, kuliko kukatwa.

Safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, kwa tabibu wa meno. Visiwa hivi vina bahati ya kuwa na chuo cha afya pale Mbweni, jirani kabisa na Chukwani, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nundu inayohitaji kupasuliwa, au iliyoleta shaka, hupewa rufaa kwenda kitengo cha meno cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo baadhi ya wazee bado huikumbuka kwa jina la V. I. Lenin. Vivimbe vikubwa vya taya vinavyohitaji kukatwa na kuungwa mfupa hupelekwa Muhimbili. Mgonjwa achukue kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya rufaa, na picha zozote za eksirei alizowahi kupigwa. Picha ya miaka mitano iliyopita ni mali, kwa kuwa humwonesha daktari kama nundu imekua au imesimama. Watumishi waliosajiliwa katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar wasisahau taarifa zao za uanachama. Kazi hii haifai kufanywa na mng'oa meno wa mtaani, hata awe hodari namna gani, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini.

Kabla ya siku ya upasuaji daktari ataulizia maradhi na dawa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu atatakiwa hali zake ziwe zimetulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme, wala asiziache mwenyewe bila ya ushauri. Lipo kundi moja linalosahaulika: wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, kama vile alendronati na zoledronati, ambazo hupewa baadhi ya wazee na wagonjwa wa saratani. Dawa hizo hupunguza uwezo wa mfupa wa taya kujitengeneza, na jeraha juu yake linaweza kukataa kufunga kwa miezi na mfupa ukafa. Kwao, nundu isiyoleta madhara huachwa. Na kwa kuwa upasuaji huu si wa dharura, hakuna ubaya kuupanga baada ya mwezi wa Ramadhani. Hukumu ya saumu ni ya masheikh, lakini kwa upande wa tiba mgonjwa huhitaji kunywa maji, kula laini na kumeza dawa mchana kwa siku kadhaa.

Namna unavyofanyika

Kwa nundu za kawaida mgonjwa halazwi usingizi. Hukaa kwenye kiti cha meno, akachomwa sindano ya ganzi iliyochanganywa na dawa ya kupunguza damu. Husikia msukumo, mtikisiko na kelele za mashine, lakini maumivu hapana. Akiyasikia anyanyue mkono, aongezwe ganzi. Nundu kubwa sana, au mgonjwa asiyeweza kutulia, huweza kulazimu usingizi kamili katika chumba cha upasuaji.

Kwenye kaakaa, daktari huchana ngozi kwa mstari wa katikati wenye matawi pande zote mbili, kisha huifunua kama mtu anavyofungua kurasa mbili za kitabu. Mfupa ukishaonekana haung'olewi kwa pigo moja. Hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe: juu ya kaakaa kuna sakafu ya pua, na anayeichongoa nundu nzima kwa nguvu anaweza kuitoboa sakafu hiyo, mgonjwa akawa maji anayokunywa yanatokea puani. Kwa hiyo nundu hugawanywa kwa keekee ndogo katika vipande, huku maji ya chumvi yakimiminwa mfululizo ili mfupa usiungue kwa joto, kisha vipande huondolewa kimoja kimoja kwa patasi na sehemu iliyobaki husawazishwa. Ngozi hurudishwa, ya ziada hupunguzwa, nyuzi hutiwa. Madaktari wengi huweka bamba la plastiki lililotengenezwa mapema kwa kipimo cha mgonjwa, ili ngozi ilale juu ya mfupa na damu isijikusanye chini yake.

Kwenye taya la chini, ngozi huchanwa juu ya ufizi, ikafunuliwa upande wa ulimi na kulindwa kwa chombo. Daktari huchimba mfereji mwembamba kati ya nundu na taya, kisha nundu hubanduka kwa patasi kidogo. Karibu na hapo hupita mshipa wa fahamu wa ulimi na mfereji wa mate. Mkono usiojua huukata mshipa huo, na upande mmoja wa ulimi ukakosa hisia na ladha. Kipande kilichotolewa, kikiwa na sura isiyo ya kawaida, hupelekwa maabara.

Siku za baadae

Uvimbe na maumivu katika siku mbili au tatu za mwanzo ni jambo la kutarajiwa, na dawa alizoandika daktari hutosha. Siku ya kwanza mgonjwa asisukutue wala asiteme mate kwa nguvu, maana donge la damu linaloziba jeraha litatoka. Kuanzia siku ya pili asukutue kwa upole, kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji uliopoa, bokoboko, ndizi zilizopondwa, mtindi. Urojo wenye pilipili, njugu, bisi na pweza visubiri. Sigara na tambuu viachwe kabisa mpaka jeraha lifunge.

Dalili moja haina kusubiri asubuhi. Aliyepasuliwa taya la chini akiona sakafu ya mdomo inavimba, ulimi unanyanyuka juu, au anapata shida ya kumeza au kuvuta pumzi, damu inajikusanya chini ya ulimi na inaweza kuziba njia ya hewa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na wanaomchukua waseme mlangoni kuwa amepasuliwa taya. Damu isiyokoma baada ya kuuma kitambaa safi kwa nusu saa, homa au usaha pia ni sababu za kurudi bila ya kungoja miadi.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Kwenye kaakaa ngozi huchelewa. Pengine pembe moja ya jeraha huachia na mfupa ukaonekana mweupe kwa wiki chache kabla ya kufunikwa. Hilo si ajabu maadamu hakuna usaha, na daktari huliangalia kila miadi. Kipimo cha meno ya bandia huchukuliwa baada ya wiki 4 hadi 6, taya likishatulia. Anayepimwa mapema hupewa meno yatakayomlegea mwezi unaofuata, kwani ufizi huendelea kusinyaa kadiri uvimbe unavyopungua.